Ya Kwanza Ikiisha

Wenzake pale maabara walimwita Shangazi, ingawa umri wake haukuwa wa kuitwa hivyo. Walimpa jina hilo kwa jinsi alivyokuwa akizigombeza kompyuta. Kompyuta ikigoma, alishika kiuno, akaitazama kwa jicho la upande na kuiuliza, "Hivi wewe umelelewa na nani?" Watu wakacheka, na mara nyingi kompyuta nayo ikawaka, kana kwamba imeona haya.

Kazi yake haikuwa kupima wala kushika mifupa. Hiyo ilikuwa kazi ya Daktari na wasaidizi wake wa makoti meupe. Shangazi alipokea kile walichokipima, kikiwa kimeshageuzwa kuwa mistari mirefu ya herufi, akaiachia mashine ifanye ulinganishaji ambao binadamu angezeeka kabla hajaumaliza.

Mwaka ule kilianguka kiwanda cha kushona mashati. Kilianguka asubuhi, watu wakiwa wamekaa kwenye cherehani zao, na kilipotulia chini kikashika moto. Waliotoka wazima walitoka mapema. Waliobaki walitolewa kwa koleo na ndoo. Daktari hakuletewa miili. Aliletewa vipande, vingine vidogo kuliko kidole. Kila kipande kiliwekwa kwenye boksi lake la plastiki la bluu, kikabandikwa alama, na maboksi yakapangwa katika chumba cha baridi kilichoazimwa kwa wauza nyama. Kisha ndugu wa waliopotea wakatangaziwa waje kutoa mate, ili vinasaba vyao vilinganishwe na vya vipande vile.

Siku za kupokea ndugu hapakuwa na mkubwa wala mdogo, kila mfanyakazi alishushwa chini kusaidia. Shangazi alipewa meza karibu na mlango, na hapo ndipo alipokutana na Mama Pacha.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja. Aliuza vifungo na nyuzi kwenye kibanda. Nyuma yake alifuata binti mrefu, bado amevaa aproni ya kiwanda cha kufulia nguo alikofanya kazi ya kupiga pasi.

"Wengine naona wameleta picha," Mama Pacha alisema huku akivuta kiti. "Mimi nimekuletea nakala kamili. Mtazame vizuri, maana na yule mwenzake yuko hivi hivi, mpaka kidevu."

"Mama, jamani," binti akasema.

"Jamani nini? Uongo? Hata mimi mwenyewe nilikuwa nawachanganya. Namchapa huyu kwa kosa la yule, halafu yule anakuja kunicheka." Alicheka mwenyewe, kisha kicheko kikamkauka mdomoni, akabaki anaitazama meza.

Nyumbani waliwaita Mkubwa na Mdogo, kwa kuwa mmoja alimtangulia mwenzake kidogo kutoka. Huyu alikuwa Mkubwa. Mdogo ndiye aliyekuwa akishona kola za mashati, na asubuhi ile aliondoka nyumbani akilalamika kwamba dada yake amevaa viatu vyake.

Mkubwa alijisugua shavu kwa ndani kwa kijiti chenye pamba alichopewa, akakirudisha. "Tuliambiwa tangu utotoni kwamba sisi ni wa yai moja," alisema. "Hiyo inasaidia?"

"Inasaidia kuliko kitu chochote," Shangazi alimjibu. "Kwa watu wengine mashine inatafuta mtu anayefanana nao. Kwako wewe itakutafuta wewe mwenyewe."

"Yaani kama yumo, mtamwona?" mama akauliza.

"Kama yumo, Mama, hakuna namna ya kumkosa."

Alisema hivyo kwa roho safi. Na ilikuwa kweli.

Kazi yenyewe Shangazi aliigawa mara mbili, kila sehemu kwa skripti yake, yaani maagizo yaliyoandikwa hatua kwa hatua ambayo kompyuta inayafuata pasipo kuuliza. Skripti ya kwanza ilichukua mate ya kila ndugu na kuyalinganisha na kila kipande. Ya pili ilisoma majibu. Ndugu aliyepata mtu wake aliwekwa upande wa kupigiwa simu na Daktari mwenyewe. Aliyekosa alitumiwa ujumbe kwenye simu. Na vipande visivyokuwa na mwenyewe, ile ya pili iliviandikia ruhusa ya kuzikwa, ikaipeleka moja kwa moja ofisi ya afya ya manispaa.

Mpango wa Shangazi ulikuwa kuiacha ya kwanza imalize, ayapitie majibu kwa macho yake, ndipo aianzishe ya pili kwa mkono wake. Lakini ya kwanza ilikuwa nzito. Ilipofika Ijumaa ilikuwa bado inasaga, na Ijumaa hiyohiyo alikuwa na tiketi ya basi. Baba yake alikuwa anafanyiwa upasuaji wa jicho katika mji mwingine, na hakuwa na mtoto mwingine wa kumshika mkono.

Mkurugenzi alimkuta anafunga mkoba.

"Hiyo kazi imefika wapi?"

"Inaendelea, mzee. Jumatatu nikirudi nitaianzisha sehemu ya pili."

"Jumatatu?" Mkurugenzi alivua miwani. "Wenye nyama wanataka chumba chao. Manispaa wameshachimba handaki la kuzikia. Ndugu wanalala hapo getini. Na mimi nimeshawaahidi wakubwa kwamba wiki hii haiishi kabla watu hawajajibiwa. Kwani lazima uwepo wewe? Si mashine hiyo? Iambie hii ikiisha, ianze hii."

"Nilitaka kwanza niyaangalie majibu."

"Umeiandika wewe au hukuiandika?"

"Nimeiandika."

"Basi unaiogopa ya nini?"

Mkurugenzi alipoondoka, Shangazi alikwenda meza ya pili, kwa kijana mwenye miwani waliyemwita Profesa kwa utani, kwa sababu aliacha chuo bila kumaliza na bado alikuwa na jibu la kila kitu.

"Ningekuwa sijaianzisha," Shangazi alimwambia, "ningeziandika kwa kufuatana, ya pili ingoje ya kwanza ifaulu. Lakini hii ipo njiani tayari. Nikiisimamisha naanza upya."

"Usiisimamishe. Iwekee mlinzi tu." Profesa alivuta kibodi kwake. "Kila programu ikiingia kazini inapewa namba, si ndiyo? Kama mgonjwa kwenye foleni ya hospitali. Andika kiskripti kidogo, kazi yake kuchungulia tu. Ile namba bado ipo? Ipo, lala kidogo, chungulia tena. Haipo? Maana yake imetoka. Ianzishe ya pili. Basi."

Walikiandika pamoja, na hakikuzidi urefu wa kiganja. Shangazi akakijaribu kwa mfano mdogo: programu ya bandia inayohesabu mpaka mwisho, na nyingine ya kuandika neno "haya" ikishapokea zamu. Ya bandia ilihesabu, ikaisha, na neno "haya" likatokea kwenye kioo bila kuguswa na mtu. Profesa akapiga makofi.

"Nenda kamshike mzee mkono," alimwambia.

Shangazi alikiweka kile kimlinzi kwenye namba ya skripti ya kwanza, akasimama kidogo akikitazama kinavyochungulia na kulala, kuchungulia na kulala. Halafu akawahi basi.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Jumapili bandeji ilitolewa, na mzee akamtazama bintiye muda mrefu, akasema, "Kumbe umekonda hivi na mtu haniambii." Shangazi alicheka mpaka machozi. Alirudi kazini akiwa na furaha ambayo baadaye aliichukia.

Jambo la kwanza aliloliona Jumatatu lilikuwa maboksi. Yalikuwa nje, kwenye sakafu ya saruji nyuma ya maabara, yamepangwa kifudifudi juani. Maboksi ya bluu, mengi sana, yameoshwa. Mfagiaji alikuwa akilimwagia maji la mwisho.

"Haya yamerudi lini?" Shangazi aliuliza.

"Jana jioni. Manispaa wameyaleta wenyewe. Safari hii wamekuwa waungwana kweli, kwa kawaida ukiwaazima kitu ndiyo basi."

"Na vibandiko?"

"Vimetoka na maji."

Hakupanda ngazi, alizikimbia. Ofisini hapakuwa na mtu. Alikaa na koti lake mwilini, akafungua kumbukumbu za skripti ya kwanza, akashuka mpaka mstari wa chini kabisa. Hapo ilitakiwa pawe na neno moja la kumaliza, neno aliloliandika yeye mwenyewe. Halikuwepo. Palikuwa na mstari mwingine, unaosema nafasi kwenye diski imejaa.

Skripti ya kwanza haikumaliza. Ilikufa Ijumaa ileile, pengine basi lake lilikuwa halijatoka nje ya mji, ikiwa imefika katikati ya ndugu. Kimlinzi kilichungulia, kikakuta namba haipo. Hakikuwa na akili ya kuuliza kama mgonjwa ametoka kwa miguu yake au ametolewa amefunikwa shuka. Hakuna aliyekifundisha kuuliza hivyo. Kikaianzisha ya pili.

Na kulikuwa na jambo lingine, na hili alilijua kabla hata hajaangalia. Ili kurahisisha kazi, tangu mwanzo Shangazi alikuwa ameijaza nafasi ya jibu ya kila ndugu kwa neno "hakuna", kwa mpango kwamba skripti ya kwanza ikimpata mtu ingelifuta na kuandika alichokipata. Kwa hiyo ndugu ambao hawakufikiwa kabisa walionekana sawasawa na ndugu waliotafutiwa wakakosa. Hakuna. Hakuna. Hakuna. Ya pili ilisoma ilivyoandikiwa. Ikatuma ujumbe. Ikatoa ruhusa.

Daktari alipoingia alimkuta bado amekaa na koti.

"Wamezikwaje?" Shangazi aliuliza.

"Nani?"

"Vile vipande walivyochukua manispaa. Wamezikwaje, Daktari? Kila kimoja na alama yake?"

Daktari alimtazama usoni, akafunga mlango taratibu kabla ya kujibu. "Handaki moja. Wamemimina, wakaweka chokaa, wakafukia. Ruhusa ilisema havina mwenyewe. Kuna nini?"

Alimweleza. Daktari alisikiliza amesimama, halafu akakaa, halafu akavua koti lake jeupe na kuliweka magotini kama mtu aliyefika ugenini.

"Tunaweza kufukua?" Shangazi aliuliza.

"Tunaweza. Tutapata nini? Vile vilikuwa vimeungua. Mara ya kwanza tulibahatisha, kipande kimoja tunakisaga karibu chote kupata tone. Sasa vimechanganyika, vimepondwa, vimekula chokaa na maji." Alitikisa kichwa. "Maji yameshamwagika, dada yangu."

Shangazi alifuta vitu kwenye diski, akapata nafasi, akaiendesha upya skripti ya kwanza tangu mwanzo. Safari hii hakuondoka. Alikaa nayo usiku na mchana mpaka ikaandika neno lake la kumaliza. Namba za vinasaba zilikuwepo bado, salama, hazikuzikwa na mtu. Ndipo majina yakaanza kutokea. Mume wa fulani, alikuwa kwenye boksi fulani. Mama wa watoto fulani, maboksi matatu. Wote walikuwa wamepatikana, na wote walikuwa wamepotea tena mwisho wa wiki, safari hii moja kwa moja.

Mkubwa wa Mama Pacha alikuwa katikati ya orodha hiyo. Mashine ilikuwa imemtafuta yeye mwenyewe na ikamwona: kipande cha taya, boksi la safu ya juu. Hapakuwa na shaka hata chembe.

Mkurugenzi aliwasikiliza Shangazi na Daktari bila kuwakatiza. Kisha akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Profesa."

"Basi tubaki hao hao." Alitazama mlango, akashusha sauti. "Nisikilizeni. Watu hawa wameshalia. Tukiwaita tukawaambia walikuwepo, tutawaonyesha nini? Watataka kuzika. Watazika nini? Tutakuwa tunawafukua wao wenyewe makaburini. Kaburi lipo. Wamo humo. Mungu anawajua."

"Wameambiwa hawamo," Shangazi alisema.

"Wameambiwa hawakupatikana."

"Kwa mtu anayesubiri, mzee, hayo ni maneno mawili tofauti."

Shangazi aliomba ruhusa ya kutoka, akapewa upesi, kwa sababu kila mtu mle ndani alitaka atoke.

Alipata anwani ya Mama Pacha kwenye fomu ya mate. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya uwanja wa kuoshea magari, yenye mlango wa bati uliopakwa rangi mbichi. Kabla hajabisha, mlango ulifunguka, na Mama Pacha akatokeza na brashi mkononi. Alimtazama kidogo, kisha akapiga ukelele wa furaha.

"Wewe! Wewe si yule binti wa mezani? Karibu, karibu mwanangu, usiguse mlango, bado mbichi. Nimeupaka upya. Mdogo alikuwa anausema kila siku, mama mlango huu unatuaibisha."

Ndani kulikuwa na vitanda viwili, vyote vimetandikwa shuka safi. Kwenye kimoja kulikuwa na gauni limepigwa pasi na kulazwa kama linamsubiri mtu atoke kuoga. Shangazi aliona hayo yote akajua amechelewa.

"Nilikuwa nataka nije niwashukuru wenyewe," Mama Pacha alisema akimimina chai. "Ule ujumbe wenu! Nilianguka chini. Jirani wakadhani nimepata msiba, kumbe nimepata uhai. Maana wewe uliniambia, unakumbuka? Kama yumo, hakuna namna ya kumkosa. Nikasema, basi hayumo. Na kama hayumo, si yuko hai? Aliumia kichwa akapotea, au aliogopa akakimbia. Mtoto wangu mwoga yule. Akisikia kishindo tu anakimbia."

"Mama," Shangazi alianza.

"Na ameonekana! Ngoja nikwambie. Muuza maji wa njia panda amemwona mara mbili. Mwenye duka la vitambaa amemwona anapita. Mlinzi wa benki ameniapia, akasema mama, ni yeye, mrefu, kidevu hiki hiki, anatembea haraka kama anayekwenda mahali."

Shangazi aliweka kikombe chini. Hakuhitaji kuuliza njia ya kwenda kiwanda cha kufulia nguo inapita wapi.

Alimwambia. Hakuna njia nzuri ya kusema jambo kama hilo, na yeye aliyejua kuzigombeza kompyuta alijikuta anasema polepole, kama anayetembea kwenye vioo vilivyovunjika. Alisema skripti ilikufa katikati. Alisema ujumbe ule ulitumwa kimakosa, na kosa ni lake. Alisema Mdogo alikuwemo, tangu mwanzo alikuwemo, na sasa amelala na wenzake kwenye lile kaburi la pamoja. Alisema samahani, akasema tena, mpaka neno likapoteza ladha.

Mama Pacha alimsikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Alichukua kikombe cha mgeni, akamwaga chai nje ya dirisha, akakiosha.

"Mashine yenu ilisema hayumo," alisema.

"Ilikuwa haijamaliza, Mama."

"Sasa imemaliza?"

"Ndiyo."

"Na kesho ikisema tena hayumo, utakuja hapa kuniambia tena?" Alikausha kikombe kwa ncha ya kanga yake. "Nionyeshe. Usinielezee. Nionyeshe mwanangu, hata ukucha."

Shangazi hakuwa na cha kuonyesha.

"Umeona," Mama Pacha alisema kwa upole, kama anayemsamehe mtoto aliyesema uongo mdogo. "Rudi kazini, mwanangu. Mmechoka ninyi. Mtu akichoka anakosea."

Mkubwa alikuwa amesimama nje karibu na bomba. Alikuwa ametoka zamu na kusikia yote kupitia dirishani. Alimsindikiza Shangazi mpaka mwisho wa ukuta, wakasimama.

"Mimi nilijua," alisema. "Asubuhi ile nilipokuwa napiga pasi, mkono wangu ulisimama wenyewe. Sikumwambia mama. Halafu ulipokuja ujumbe wenu nikajiambia labda mkono ulidanganya."

"Unajua wanaomwona wanamwona nani?"

"Nawajua mmoja mmoja. Muuza maji ananipa maji kila siku." Alitazama viatu vyake, viatu vya rangi ya maziwa vilivyochakaa kisigino, akavirudisha nyuma kidogo kana kwamba vinatazamwa. "Nimejaribu kumwambia mama, huyo ni mimi. Ananijibu, wewe nakujua, na yule namjua, mimi ndiye niliyewazaa. Nimebadilisha njia, wakamwona njia ya pili. Nimenyoa nywele. Akaja mtu akasema amemwona Mdogo, masikini, amenyoa nywele."

Shangazi alikitazama kile kichwa kilichonyolewa.

"Usije tena," Mkubwa alisema. Hakusema kwa hasira. "Ukija atasubiri uje na ujumbe mwingine."

Siri ya Mkurugenzi haikudumu. Profesa alikuwa na rafiki, na rafiki alikuwa na mjomba aliyempoteza mke pale kiwandani. Wiki haikuisha, watu wakajaa getini, wakatupa mawe, wakavunja kioo cha mapokezi. Mkurugenzi akahamishiwa ofisi nyingine, kubwa zaidi. Shangazi aliandikiwa onyo, akaliweka kwenye droo. Alitaka wamfukuze. Walimwambia hawana mtu mwingine anayeijua mashine. Profesa alikirekebisha kile kimlinzi kwa mstari mmoja wa kuuliza kama iliyotangulia imefaulu au imeanguka, na akamwonyesha kwa aibu. Shangazi akamwambia ni sawa. Ulikuwa mstari mmoja kweli.

Ndugu wengine walipewa karatasi zenye majina yao na wakapelekwa kwa basi kwenye lile handaki, wakasimama ukingoni, kila mmoja akichagua mahali pa kutazama. Manispaa ikajenga ukuta mfupi na kuchonga majina ya wote waliotambuliwa. Mama Pacha alipata habari kwamba fundi ameshafika kwenye jina la mwanawe. Alikwenda akakaa chini mbele ya ukuta na hakuinuka mpaka bwana afya akaitwa.

"Mwanangu ana siku atarudi," alimwambia, "akute jina lake kwenye kaburi? Mnataka afe kwa mshtuko?"

Bwana afya alijaribu kumbembeleza. Alimletea karatasi ya maabara, na yeye akatoa simu yake akamsomea ule ujumbe wa kwanza, neno kwa neno, na ujumbe ulikuwa na jina la maabara hiyo hiyo. Mwishowe fundi akaambiwa apitishe saruji pale. Mdogo akabaki humo chini bila jina.

Mkubwa aliondoka mjini baada ya hapo. Alipata kazi ya kupiga pasi katika hoteli mbali, mahali ambapo hakuna aliyewahi kumwona mwenzake. Alifikiri akiondoka, watu wataacha kumwona Mdogo barabarani, na mama ataanza polepole kuelewa. Na kweli, waliacha. Muuza maji akasema hajamwona siku nyingi. Mama Pacha akaanza kufunga kibanda mapema ili amtafute mbali zaidi.

Mchana mmoja Shangazi alipigiwa simu kazini kutoka namba asiyoijua. Nyuma ya sauti alisikia mvuke na vyuma.

"Ni mimi," Mkubwa alisema. "Namba yako niliichukua kwenye fomu siku ile. Huna kazi nyingi?"

"Hapana. Sema."

"Nilimpigia mama jana. Huwa nampigia. Sasa sijui namba hii mpya ilimchanganya, au ni sauti. Nilipomwamkia tu akalia. Akasema, Mdogo, mwanangu, ulikuwa wapi?"

Shangazi aliibana simu sikioni.

"Nilitaka nimwambie. Naapa nilitaka. Lakini alikuwa analia kwa furaha, hajawahi kulia hivyo tangu tuzaliwe. Nikaitika." Vyuma viligongana nyuma yake, mtu akamwita kwa jina la kazini, naye akasema anakuja. "Leo amenipigia tena. Ameniuliza nimekula, ameniuliza nalala wapi. Halafu akaniuliza dada yangu yuko wapi, mbona yeye hapigi simu siku hizi. Wewe ni mtu wa kusoma. Nimjibu nini?"

Mbele ya Shangazi, kwenye kioo, kazi moja ilikuwa imemaliza na nyingine imeanza kwa hiari yake. Alizungusha kiti, akaipa mgongo. Alitafuta jibu kwa muda mrefu, mpaka Mkubwa akasema haidhuru, anaitwa, atapiga siku nyingine, na akakata.